Udadisi unataka mikono

Watu wanaojua napenda kusomasoma huwa wananiuliza, wewe mambo yako ya kufikiria unayatoa wapi, na mara nyingi wanategemea niwatajie podikasti au chaneli fulani au mtu wa kumfolo. Zipo, na nyingine nzuri sana. Ila kuna kitu nimekiona kwa marafiki zangu wabunifu, wachoraji, waandishi, vijana wa kutengeneza programu, walimu, wote simu zao zimejaa vitu walivyosevu ili wavitazame baadaye, video za anga, makala za ubongo, nukuu, michoro, na hiyo baadaye haifiki. Siwezi kusema ni uvivu maana hawa ni watu wanaofanya kazi kwelikweli. Naona ni kwamba wazo lililoingia kwa macho tu linakuwa halina pa kukaa, jioni haijafika limeshapitwa na jingine.

Kwa hiyo safari hii mapendekezo yangu yote ni ya kufanya kwa mikono. Kugandisha, kucheza, kuhesabu, kuchora, kuandika mstari mmoja, kutumbukiza kipande cha mti kwenye ndoo. Karibu yote hayahitaji bando, na yote yametoka hukuhuku kwetu, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba mtu mdadisi wa Afrika Mashariki amezungukwa na mambo mazito kuliko anavyoambiwa.

Nianze na kijana wa shule, na nitakaa hapa kidogo, maana hadithi yake huwa inazunguka mitandaoni kwa kipande kidogo tu na utamu wote unabaki nje.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba Sekondari, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unasubiri yapoe, halafu ndiyo unaweka kwenye friza, na nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania. Siku hiyo mwenzake mmoja akaamua asichemshe kabisa, akaweka maziwa yake vilevile ili awahi nafasi, Mpemba alipoona hivyo na yeye akaona akisubiri yapoe atakosa, akaweka ya kwake yakiwa bado moto. Baada ya kama saa moja na nusu wakarudi kuangalia, ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado ujiuji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa umechanganya mambo, hicho kitu hakiwezekani. Wengi tungeishia hapo. Yeye hakuishia hapo, ila pia hakubishana, alikaa nalo tu. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa anauza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia sisi tunaweka ya moto, inaganda haraka. Hapa ndipo mimi huwa nasimama kila nikiisoma hii habari. Yaani jambo ambalo darasani lilikuwa haliwezekani, kwa watu wa biashara ya aiskrimu lilikuwa jambo la kawaida la kazi, hakuna aliyeona ajabu, na hakuna aliyekuwa amewauliza.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, wakawa wanafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu mzima. Darasa likapokea, ikawa kila akikosea kitu wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Fikiria umri ule, fikiria na wenzio wanavyoweza kukushikia bango. Na bado siku moja alasiri akakuta maabara ya biolojia iko wazi, hakuna mwalimu, akachukua bika mbili ndogo, moja maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akazitia kwenye friza la humo ndani. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile ya moto. Hakuna aliyemtuma, hakuna mtihani, alikuwa anataka kujua tu.

Halafu ndiyo akaja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne hakumcheka, alirudi chuoni akamwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta majibu kwamba kweli ya moto yameganda kwanza, lakini akaahidi ataendelea kurudia mpaka apate majibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika pamoja kwenye jarida la Physics Education, na tangu hapo dunia nzima ukizungumzia jambo hili unataja jina la kijana wa Magamba.

Sasa sehemu ambayo watu hawaisimulii ni kwamba mjadala haujaisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kiliita dunia nzima ilete maelezo kwa nini inatokea hivyo, yakaja maelfu kwa maelfu. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, wakapima kwa makini wakasema wao hawaoni ushahidi wa kutosha, tena wakaonyesha kwamba ukihamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo unaweza kupata picha tofauti kabisa. Mwaka 2020 wanafizikia wa chuo kikuu cha Simon Fraser, Kanada, wakachapisha kwenye jarida la Nature kwamba wameiona athari hiyo waziwazi, ila siyo kwenye maji ya friza, ni kwenye chembe ndogo mno wanazozisukuma kwa mwanga. Kwa hiyo ukiweka vikombe viwili kwenye friji yako leo unaingia kwenye mjadala ulio hai.

Nami nakuomba uweke. Tumia vikombe vya bati vinavyofanana, maana glasi yenye maji ya moto ikikutana na baridi ile inaweza kupasuka. Pima maji kwa mizani ya jikoni kama unayo. Usiweke kikombe kimoja ukutani na kingine mlangoni. Angalia pia chini ya kikombe kuna nini, hapa pana siri, friji nyingi zina ule utando wa barafu nyeupe, na utando huo unazuia baridi isipite vizuri, sasa kikombe cha moto kinauyeyusha kinakaa moja kwa moja juu ya bati, cha baridi kinabaki kimekalia utando. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Nyingine ni kwamba maji ya moto yanapotoa mvuke yanapungua, yanabaki machache ya kugandisha. Nyingine ni jinsi maji yanavyozunguka ndani ya chombo yakiwa yanapoa. Halafu kuna hili, maji mengine yanashuka chini ya nyuzi sifuri yakiwa bado hayajaganda, na yapi yatachelewa kuganda huwezi kujua mapema.

Mimi nilifanya na mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita, na majibu yetu hayakuwa yanafanana siku zote, mara ya moto, mara ya baridi. Yeye ndiye aliyeniuliza, mjomba, kwani kuganda ni nini, ni pale kipande cha kwanza cha barafu kinapotokea au ni pale yote yamekuwa jiwe? Nikamwambia hilo swali watu wazima wenye maabara zao bado wanalijadili. Akachora jedwali lake lenye safu mbili, moja ya barafu ya kwanza, moja ya barafu yote, na tangu siku hiyo mama yake hafungui friji bila ruhusa. Sijawahi kuona video ikimfanyia mtoto kitu kama hicho.

Kitu cha pili ninachopendekeza ni bao. Nasema bao lenyewe, bao la kiswahili, siyo lile la app.

Nimejifunza kwa wazee wa baraza mtaani kwetu, na naendelea kujifunza, maana huu mchezo una kina ambacho sijakikuta kwenye kitu kingine chochote cha kukaa chini na kucheza. Mashimo 32, safu nne za mashimo nane nane, kila mchezaji ana safu mbili za upande wake. Kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji, za komwe zile za kijivu zinazoteleza mkononi. Mwanzo wa mchezo unaweka kete sita kwenye nyumba, ambalo ni lile shimo la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, 22 zinabaki mkononi. Hapo unaanza kunamua, yaani unaingiza kete moja moja kutoka mkononi, na ukiingiza kwenye shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzio linalolitazama nalo lina kete, unakula, zile ulizokula unazigawa kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho pembeni la safu yako ya mbele, na kete ya mwisho ikiangukia pazuri unakula tena, na tena. Kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, hapo sasa mnacheza na zilizomo ubaoni tu. Anayeishiwa kete safu ya mbele amefungwa.

Kanuni hizo ukizisoma hapa unaweza kudhani umeelewa, subiri ukae mbele ya ubao. Mkono mmoja unaweza kuzunguka na kuzunguka, ukala, ukagawa, ukaingia nyumba, ukaamua usafiri, yaani uzigawe kete za nyumba uendelee, au ulale, uishie hapo, na mpaka unamaliza ubao mzima umebadilika. Mzee anayenifundisha anaona mwisho wa mzunguko huo kabla hajashika kete. Namuuliza, babu unahesabuje, ananiambia wewe cheza, ukicheza utaona. Mwanzo nilikuwa nadhani ananikwepa. Sasa naona ndivyo ilivyo hasa, kuna kuona kunakokuja kwa vidole, na ukitaka akueleze kwa maneno anapoteza hesabu. Mtafiti wa Kiholanzi Alexander de Voogt alikwenda kuchunguza mafundi wa bao Zanzibar miaka ya 1990 akaandika tasnifu yake ya udaktari juu ya ufundi huo, kwa swali hilihili la binadamu anaweza kuona mbele kiasi gani. Hebu fikiri, mambo ambayo sisi tunapita tukiyaita mchezo wa wazee wasio na kazi, mtu katoka Uholanzi kaja kuyasomea digrii.

Kwa mtu mbunifu, bao lina faida nyingine ambayo naitaja kwa sababu imenisaidia kwenye uandishi wangu. Kwenye bao hakuna kete inayotoka mchezoni. Kwenye drafti na chesi ukila unaweka pembeni, ubao unazidi kuwa mtupu. Kwenye bao ulichokula kinarudi ubaoni kikiwa upande wako, na baada ya dakika mbili kinaweza kuliwa tena kikarudi kule. Mtu aliyekaa na mchezo huu anaanza kufikiri hivyo kuhusu kazi zake, wazo lililoshindwa kwenye hadithi hii linaenda kupigania hadithi nyingine. Kama unaanza, omba ufundishwe kwanza bao la kujifunza, ni jepesi zaidi. Na ukifika barazani salimia kwanza, kaa, tazama michezo kadhaa, usiombe ubao siku ya kwanza. Wataita wenyewe, njoo kijana.

Wanaokaa karibu na bahari nina jambo jingine kwa ajili yao, na hili linataka daftari na uvumilivu tu.

Kwa mwezi mmoja, kila siku ukipata nafasi, andika saa ambayo maji yamejaa kabisa au yamekupwa kabisa, na pembeni chora umbo la mwezi ulivyouona usiku. Basi. Usigugo kitu. Utaanza kuona maji yanachelewa kila siku, karibu dakika 50, yaani kama leo yalijaa saa nne asubuhi kesho yatakuwa yanakaribia saa tano. Utaona mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanakwenda mbali sana na yanarudi kwa nguvu, hilo ndilo bamvua, na mwezi ukiwa nusu maji hayana habari, yanapanda kidogo yanashuka kidogo, ndiyo maji mafu. Dar es Salaam wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, huo ni urefu wa ukuta wa nyumba, umekuja na kuondoka mara mbili kwa siku bila kelele na sisi tumekaa kwenye foleni ya daladala hatujui.

Sababu yake nayo ni tamu. Mwezi unaivuta bahari, jua nalo linaivuta kwa nguvu ndogo zaidi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi vimekaa mstari mmoja, mivuto inasaidiana. Mwezi ukiwa nusu inakinzana. Shule nilifundishwa haya nikayaandika kwenye mtihani nikapata maksi, lakini nilikuja kuyaamini nilipoona kwenye daftari langu mwenyewe.

Ukipata safari ya Paje au Jambiani, zungumza na akina mama wa mwani. Kilimo cha mwani Zanzibar kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kwa sehemu kubwa kimeshikwa na wanawake, na kazi yao yote inakwenda na bamvua, siku ambazo maji yanakupwa vizuri ndizo za kufunga kamba na kuvuna. Muulize mama mmoja wiki ijayo atakuwa shambani siku gani, atakujibu palepale, hajatoa simu. Anabeba mwezi, jua na bahari kichwani pamoja na mahesabu ya kilo na ada za shule. Mimi nikimsikiliza mtu wa namna hiyo naona aibu kwa niaba ya nchi nzima kwamba tunaita sayansi kile tu kilichokuja na kitabu. Shikamoo yako itolewe vizuri, ununue na sabuni zao za mwani, wanazitengeneza nzuri.

Sasa niongee na wachoraji na waandishi moja kwa moja, maana najua mnaonisoma ni wengi na malalamiko yenu nayajua: sina vifaa, sina laptopu nzuri, sina rangi za nje, sina muda.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932, mtu wa Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar akafanya kazi za nyumbani na vibarua vingine. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Alichukua vipande vya mbao za kukandamizwa, zile hadibodi za silingi, akachukua rangi ya mafuta ya madukani, ile watu wanapakia baiskeli, akachora wanyama na ndege wakubwa wanaojaza ubao wote, na picha zikawa zinauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Ile rangi inang'aa, inachelewa kukauka, na haichanganyiki kwa upole kama rangi za wasanii waliosomea, kwa hiyo mkono unakulazimisha utenganishe, rangi hii hapa, ile pale, mistari iwe wazi, madoa yawekwe moja moja juu ya iliyokwisha kukauka. Yale yote tunayoyaona tukasema hii ni Tingatinga, mengi yalitoka ndani ya kopo la rangi.

Aliichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania ni mhalifu anayekimbia, akafa akiwa na miaka kama 40. Lakini alikuwa ameshawafundisha vijana wa ukoo wake na jamaa wa karibu, hao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao ambao uko mpaka leo palepale Oysterbay. Nenda. Usiende kama mtalii. Kaa karibu na fundi uone anavyoanza na rangi ya nyuma, anavyoacha ikauke, anavyorudi. Halafu ukifika nyumbani tafuta kipande cha ubao na makopo mawili ya rangi yoyote ya dukani, mawili tu, uchore mnyama mmoja ajaze ubao mpaka pembeni. Utaona maamuzi mangapi kopo limeshakufanyia.

Waandishi, zoezi lenu liko kabatini kwa mama. Kanga. Ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa, na jina ni mstari mmoja, hauna aya ya pili ya kujieleza. Mombasa kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la Mali ya Abdulla, lilianza 1887, na familia hiyo inatajwa sana kwenye historia ya kuweka maneno kwenye kanga, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Chukua mstari kama huu unaojulikana na kila mtu: Japo sipati tamaa sikati. Maneno manne. Kuna mtu mzima humo ndani, kuna anachokitaka, kuna muda mrefu alioungoja, kuna kiburi kidogo, na vina vimekaa. Hatujui ni mapenzi au ni kazi au ni mtoto, na hiyo ndiyo nguvu yake, kila anayeivaa anaijaza mwenyewe, na jirani anayeisoma anaijaza kivyake, hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Kwa hiyo: toa kanga zote za nyumba, soma majina yake, uliza kila moja ilinunuliwa lini na ilikuwa inamwambia nani. Kwa bibi yangu mzaa mama zoezi hili lilichukua jioni nzima na nilijua mambo ya ukoo ambayo hakuna mtu alikuwa ameniambia kwa mdomo. Baada ya hapo andika jina moja la kanga kila siku kwa wiki. Jina lenye jambo ambalo unataka kumwambia mtu na huwezi. Nimeshuhudia waandishi wazuri wa kurasa nyingi wakikaa na mstari huo saa nzima, na wakitoka hapo nathari yao inakuwa imekaza.

La mwisho kwa sasa ni mpingo, na hili nalipendekeza kwa wanamuziki kwanza ingawa ni la wote.

Ule mti mweusi wa vinyago ndio huohuo unaotengenezewa klarineti na obo, ala za kupuliza za orkestra kubwa za Ulaya na Marekani, kwa sababu ni mgumu, una mafuta ndani yake, hauchezicheziki na unyevu wa pumzi. Unakua polepole mno, wanakadiria miaka 70 na zaidi mpaka ufae kuvunwa. Kwa hiyo klarineti unayoisikia leo mti wake ulichipua kwenye pori la kusini kabla babu yako hajaoa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilaya ya Kilwa, misitu yao ilipata cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, shirika la kimataifa la misitu, ndiyo ikawa misitu ya kwanza ya jamii Afrika kupata cheti hicho, na maana yake kijiji kinauza magogo yake chenyewe kwa bei inayoeleweka badala ya kuona lori linapita usiku. Mtu anayepiga klarineti Berlin na mzee wa kamati ya msitu Kikole wako kwenye mnyororo mmoja wa kazi na huenda hawatajuana kamwe. Natamani sana siku moja wanamuziki wetu waandike kitu juu ya hilo, na kipigwe kijijini kwanza.

Cha kufanya ni rahisi. Nenda soko la vinyago Mwenge, tafuta fundi anayechonga, siyo anayeuza tu, mwombe akuonyeshe gogo kabla halijafanywa kitu. Utashangaa, nje lina ngozi ya rangi ya maziwa, weusi uko ndani, na wachongaji wa Kimakonde wanajua kuuchezea huo mpaka, wengine wanaacha ile nyeupe iwe nguo au nywele. Muulize anajuaje umbo litakaa wapi ndani ya gogo lililopinda, muulize tezo yake anainoaje, nunua kitu chake hata kidogo maana umemtumia muda. Halafu omba kipande cha taka, vinakuwa vimejaa chini pale. Ukifika nyumbani kitie kwenye ndoo ya maji pamoja na kipande cha mninga au mkorosho au mti wowote ulio nao karibu, uone kipi kinaelea na kipi kinakwenda chini moja kwa moja, kisha vikaushe, viwekee alama, na wiki inayofuata ongeza mti mwingine.